Mama Anasema Atakula Nyumbani

Jumatatu, alasiri. Soweto, Moshi.

Mvua ya masika ilianza alfajiri, ikapumzika mchana, na sasa imerudi kwa manyunyu yale yasiyo na haraka. Mlima haujaonekana tangu wiki iliyopita. Nimekaa kibarazani. Mikono yangu ina utomvu wa ndizi hadi kwenye kucha na sina nguvu ya kwenda kuisugua.

Sijaandika hapa muda mrefu. Mnaopita kwenye ukurasa huu mmezoea niwaonyeshe mboga: namna ya kupanda mchicha kwenye gunia, namna ya kugeuza maganda kuwa mboji, namna ya kupika mnafu usiwe mchungu. Leo sina somo. Nimejaribu kulitafuta na sikuliona.

Mama yangu hali chakula changu.

Sentensi hiyo nimekuwa nikiikwepa kwa wiki tatu. Mpaka Jumamosi nilikuwa nimemwambia daktari tu, na rafiki yangu mmoja. Hata binti yangu Gladness, aliye chuoni Dodoma, nilimwambia bibi yake hajambo, anakula vizuri, anamsalimia.

Kwa asiyenijua, mimi nalima mjini. Bustani yangu iko nyuma ya nyumba hii ninayoishi na mama, na kila Jumatatu wanawake wa hapa Soweto na wa Pasua huja kujifunza. Wengi wao hawana ardhi. Wana ua wa saruji, ukuta, na ndoo zilizopasuka, basi tunapanda humo humo. Tunahifadhi mbegu zetu wenyewe, tunatumia samadi, na mwisho wa somo tunapika tulichovuna na kula pamoja. Nazunguka pia kwenye shule za msingi kuzungumza na wazazi juu ya chakula cha hapa kwetu. Naamini ninachofundisha. Naamini kwamba mtu akilishwa vizuri kwa kinachoota karibu naye, nusu ya matatizo yake yanapungua.

Halafu narudi nyumbani, na mtu aliyenizaa anasukuma sahani yangu pembeni kwa adabu.

Mama alishuka mwaka jana kutoka Uru, kule mlimani. Alikuwa anaishi huko kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, na mdogo wangu Evarist ambaye ndiye mtoto wa mwisho na ndiye aliyerithi nyumba kama mila inavyotaka. Akaanza kusahau. Mwanzoni alisahau majina ya majirani, tukacheka naye. Baadaye akaacha moto unawaka akaenda kanisani siku ambayo haikuwa ya ibada. Mara moja alipotea kwenye njia aliyoipita tangu alipoolewa, akakutwa amekaa kando ya mfereji, viatu mkononi. Evarist anaendesha lori, mara nyingi yuko safarini, na mkewe Pendo ana watoto wadogo. Tukakubaliana mama akae kwangu, karibu na hospitali.

Miezi ya kwanza ilikuwa mizuri. Alikaa kwenye bustani akichambua mbegu za maboga. Alinifahamu siku nyingi, na siku asiponifahamu alinifurahia hivyo hivyo.

Kisha asubuhi moja nikamwekea mezani mtori, ile supu nzito ya ndizi, akautazama, akanitazama mimi, akasema, “Aika mae. Nitakula nyumbani.”

Aika mae ni asante mama, kwa Kichagga chetu. Anayeitwa mama hapo ni mimi. Alinishukuru kama unavyomshukuru mwanamke uliyempitia njiani ukakuta chakula kimeiva, nawe hutaki kuonekana umekuja kwa ajili ya tumbo.

Nikamwambia, “Mama, hapa ndipo nyumbani.”

Akatabasamu. “Ndiyo, kwako ni pazuri. Lakini mimi nasubiriwa.”

Tangu siku hiyo ikawa hivyo kila mlo. Nilipika kila alichowahi kukipenda. Machalari, ndizi zilizopikwa na nyama ya mbavu. Magimbi. Mnafu na maziwa. Nilitafuta mpaka Mabogini mchele mpya wenye harufu, kwa sababu nilikumbuka jinsi alivyokuwa akiusifia wakati wa Krismasi. Aliunusa. Akasifu mpishi. Akasema atakula nyumbani. Kisha alichukua kitenge chake, akakikunja vizuri, akakiweka mapajani, akakaa karibu na mlango kusubiri wa kumpeleka.

Chai alikunywa. Mgeni anaruhusiwa chai. Nikawa naijaza maziwa mpaka inabadilika rangi, na nilipojaribu kuchanganya unga wa lishe akaonja, akakiweka kikombe chini taratibu, na hakukigusa tena siku nzima.

Daktari alimpima kila kitu. Meno, koo, tumbo, damu. Alikuwa kijana mpole, hakunificha. Alisema ugonjwa uko kwenye ubongo, haurudi nyuma, na kazi yetu ni kumstarehesha na kuendelea kujaribu. “Mpe anachokipenda,” akasema. Nilikubali kwa kichwa. Sikumwambia kazi yangu ni nini.

Alhamisi iliyopita nilikuwa kwenye shule moja Pasua, mbele ya wazazi, nikieleza watoto wapewe mboga gani. Baba mmoja aliyekaa nyuma akaniuliza, “Mwalimu, na akikataa kabisa kula?” Watu wakacheka kidogo, kwa sababu kila mzazi analijua swali hilo. Nikajibu bila kufikiri. Nikasema umshirikishe kupanda, umshirikishe kupika, usimlazimishe, atakula. Wakanipigia makofi. Nilitoka pale nikaingia msalani nikafunga mlango.

Kilichoniuma zaidi ni wazo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Niliwaza kwamba mama ananikataa mimi. Kwamba ndani kabisa, mahali ambapo ugonjwa haujafika, anajua nilimtoa kwake, na hii ndiyo namna yake ya kusema.

Jumamosi nilimpima uzito kwa kumwinua. Nilimwinua kitandani kama mtoto. Nikampigia Evarist.

“Mlete, dada,” akasema. “Huku ni kwake. Akifika ataona migomba yake, atakula. Wewe mlete tu.”

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa akisubiri simu hiyo. Niliikubali. Ningekubali lolote.

Basi jana, baada ya misa ya kwanza, nilikodi teksi nikampandisha Uru. Nilimvalisha gauni la bluu na kitambaa cha kichwani. Nguo zake zote niliziweka kwenye begi, kwa sababu nilikuwa nimeamua kwamba akila huko, atabaki huko, nami nitakuwa mtu wa kumtembelea Jumapili. Nililia wakati nakunja sweta zake. Lakini nilikuwa na furaha pia, ile ya kupata jibu.

Njiani aliinamisha kichwa mpaka tulipoanza kupanda. Barabara ilikuwa na tope, maji yanateremka pande zote mbili, migomba imeinamia njia. Akainua macho. Tulipopita mbele ya kanisa akafanya ishara ya msalaba, vizuri kabisa, taratibu. Nilimshika mkono. Nikamwambia dereva, mtu nisiyemjua hata jina, “Anapakumbuka.”

Evarist alikuwa amesimama getini na shati jeupe. Geti lenyewe ni la mwaka huu. Nyumba pia, ina vigae vyekundu. Jiko la mbao alilopikia mama maisha yake yote limebomolewa, pamewekwa tenki la maji. Chini kabisa, kahawa za baba ziling'olewa, na sasa ni safu za miparachichi michanga. Simlaumu. Kahawa ilikuwa haimlipi tena, na watoto wanasoma. Ningefanya hivyo hivyo. Migomba ya karibu na nyumba ilikuwa palepale, na kaburi la baba palepale, nikajiambia hayo mawili yatatosha.

“Shikamoo mama,” Evarist akasema, akainama.

“Marahaba, baba. Hamjambo hapa?”

Hamjambo hapa. Nikaisikia, na yeye akaisikia, lakini tukaendelea kutabasamu.

Pendo alikuwa amepika machalari, na harufu ilituvuta ndani. Akamtengea mama kwenye kiti cha karibu na dirisha ili aone migomba. Akamnawisha mikono. Watoto wakakaa kimya, nadhani walikuwa wameagizwa. Mama akaitazama sahani muda mrefu. Nikawaza, sasa.

“Aika mae,” akamwambia Pendo. “Umepika vizuri. Lakini nitakula nyumbani.”

Evarist akapiga magoti mbele yake. Mdogo wangu ni mtu mkubwa, anafungua tairi la lori bila msaada. Alimshika mama magoti yote mawili.

“Mama, hapa ndipo nyumbani. Tazama nje. Ile ni migomba yako. Pale amelala baba. Mimi ni Evarist.”

Mama alimtazama kwa huruma. Sijui niieleze vipi. Alimtazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani aliyekutwa barabarani jua linazama. Akamwekea mkono kichwani.

“Kijana wangu,” akasema, “mama yako anajua uko huku?”

Evarist akainuka, akatoka nje.

Nilimkuta kwenye migomba, ameipa nyumba mgongo. Mvua ilikuwa inamdondokea mabegani kutoka kwenye majani. Nikasimama kando yake.

“Dada, nilidhani ni wewe,” akasema. “Nilidhani amekukataa wewe. Nilikuwa nimejiandaa kukwambia maneno.”

“Hata mimi nilidhani ni mimi.”

“Sasa nyumbani anakokusema ni wapi?”

Nilikuwa nimeanza kukisia, naye pia, nadhani. Labda ni kule jiko la mbao lilipo bado, na baba anarudi mnadani, na sisi ni wadogo, tunagombania kijiko cha mbao. Huko hakuna gari linalofika.

Tulirudi ndani. Mama alikuwa ameshavaa kitenge chake, amesimama mlangoni, anamshukuru Pendo kwa ukarimu. Akaniomba nimsindikize. Sikuwa na sababu ya kumwacha tena, wala Evarist hakuwa na sababu ya kumdai. Alikata mkungu wa mshare, ndizi za kupika, akautia kwenye buti ya teksi. Hatukuagana vizuri. Alifunga buti akaipiga kofi mara mbili, kama anavyofanya kwenye lori, akaingia ndani.

Usiku wa jana sitauandika.

Leo asubuhi nilitaka kuahirisha somo. Nilikuwa nimeshika simu kuandika ujumbe kwenye kundi, kisha nikakumbuka maharage niliyoyachemsha tangu juzi kwa ajili ya somo, nikaona aibu kuyatupa. Leo tulikuwa tupike kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja. Nikaenda nyuma kugeuza mboji. Nilihitaji kushika kitu kizito.

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, kitenge mapajani.

Wa kwanza kufika alikuwa Zuhura. Huyu ndiye rafiki niliyesema nilimwambia. Anakaanga vitumbua Pasua alfajiri, na ni mmoja wa wanafunzi wangu wa mwanzo kabisa. Sasa ukutani kwake kuna mboga kuliko kwangu. Mvua ilimkuta njiani. Nilimsikia akibisha hodi, na kabla sijaitika, nikasikia sauti ya mama.

“Karibu. Karibu ndani. Umelowa, mama wa watu.”

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Unatoka wapi kwenye mvua hii?”

“Natoka Pasua, bibi. Nimelowa, na njaa inaniuma. Tangu alfajiri nakaangia watu, mwenyewe sijatia kitu mdomoni.”

Zuhura ni mtu wa utani. Alikuwa anasema kama anavyosema siku zote. Lakini nikasikia kiti kikisogea.

Nilipochungulia dirishani, mama alikuwa amesimama. Kitenge kilikuwa chini, amekiacha. Alikuwa anatafuta kitu kwa macho, kwenye kona, kwenye meza, na mikono yake inafunguka na kujifunga. Zuhura aliniona dirishani. Akanitazama, nami nikamtazama, na sijui ni nani kati yetu aliyeelewa kwanza. Akachukua kisu mezani, akampa kwa mpini.

Mama akauendea mkungu wa Evarist.

Alikaa kwenye kigoda, miguu mbele, akaanza kumenya. Mikono ile haikusahau kitu. Ganda linatoka kwa mkato mmoja mrefu, ndizi inaingia kwenye maji kabla haijawa nyeusi. Nikaingia taratibu nikachutama karibu yake, nikachukua ndizi na mimi. Aliniangalia.

“Wewe binti, koka moto,” akasema. “Mgeni ana njaa.”

Binti. Moyo wangu uliruka, najua ni upuuzi. Binti ni neno la kumwita msichana yeyote wa kazi. Nikatoka nje kwenye banda la kupikia, nikapuliza moto kwenye mafiga, moshi ukanisaidia kuficha machozi.

Wanawake wengine wakafika mmoja mmoja, wakitingisha miamvuli. Zuhura aliwapokea mlangoni akawanong'oneza. Hakuna aliyecheka wala aliyeniuliza somo linaanza saa ngapi. Walizunguka moto, wakakaa kwenye mabenchi yao, na mama akapika. Alitia chumvi. Baadaye akasahau, akatia tena. Mmoja akanyanyua mkono kutaka kumwambia, Zuhura akaushusha ule mkono. Ndizi zilipoiva alishika mwiko akaponda kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi, mtu ambaye juzi nilimwinua kama mtoto.

Kisha akapakua bakuli la kwanza kwa ajili ya Zuhura.

Huku kwetu, mwenye nyumba hampi mgeni chakula au mbege, pombe yetu ya ndizi, kabla yeye mwenyewe hajaonja. Ni kumwonyesha mgeni kwamba hakuna ubaya humo. Nilikua nikiona jambo hilo kila siku na sijawahi kulifikiria. Mama alichota kijiko kutoka kwenye bakuli la Zuhura, akakitia mdomoni, akatafuna, akameza. Akampa bakuli.

“Kula, mama. Uko kwako.”

Nilishika nguzo ya banda.

Zuhura alipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Halafu akamwonyesha mwenzake aliyekaa jirani, na kwa sauti ya kawaida kabisa akasema, “Na huyu naye ametoka mbali, bibi.” Mama akapakua bakuli la pili. Akaonja. Akapakua la tatu. Akaonja. Wale wanawake walielewa bila kuambiwa. Kila mmoja alinyoosha bakuli, kila mmoja akasema ametoka wapi, na mama akaonja la kila mmoja. Aliyemaliza alizunguka nyuma ya benchi akaja tena upande wa pili, amejifunga kanga kichwani kwa namna nyingine, akabisha hodi. Kiburu kilikuwa na chumvi ya kuumiza ulimi. Walikila chote.

Nikaenda mwisho. Nilikuwa naogopa. Nikasimama mbele yake na bakuli langu, na moshi, na utomvu mikononi.

“Karibu, mama,” akaniambia. “Wewe unatoka wapi?”

Nilitaka kusema natoka kwako. Lilikuwa mdomoni kabisa. Nikaona uso wake, umetulia, una jasho, una kazi ya kufanya, na nikajua nikilisema hilo ataanza kunitafuta kichwani asinipate, na kijiko kitashuka.

“Natoka Soweto,” nikasema.

“Soweto ni mbali,” akasema, akitikisa kichwa kwa kunisikitikia. “Pole na safari.”

Akaonja bakuli langu. Akanipa. Nikala nikiwa nimesimama, kama mpita njia.

Baada ya hapo alichoka. Zuhura alimwosha mikono, akamlaza, na amelala mpaka sasa. Nimekwenda kumtazama mara nyingi. Tumbo lake linapanda na kushuka chini ya blanketi, na pembeni ya mdomo kuna alama ya maharage ambayo sikutaka kuifuta.

Wanawake waliosha vyombo wenyewe. Mmoja akasema kesho yeye yuko njiani kwenda sokoni, atapita saa nne na atakuwa hajala. Mwingine akasema Jumatano. Hatukuandika popote. Zuhura alibaki nyuma akifunga kanga yake, nikaanza kumshukuru. Akanipiga begani kidogo. “Usinishukuru, Mama Gladness. Nilikuwa na njaa kweli.”

Najua mtaniambia niseme alhamdulillahi au aleluya, mama amekula. Nimesema. Nimepiga magoti nikasema. Amekula.

Lakini naomba nafasi hapa, angalau kwa leo, ya kusema lile lingine. Nimempata mlaji nimempoteza mama. Nikihangaika kuwa binti yake, anakufa njaa mbele yangu. Nikikubali kuwa mtu baki, anaishi. Hakuna aliyenifundisha hesabu hiyo, wala sitaweza kuifundisha kwenye shule yoyote.

Na yule baba wa Pasua, nikikutana naye tena, nitamwambia nini? Nadhani nitamwambia sijui. Nadhani nitamuuliza habari za mtoto wake kwanza.

Evarist amepiga simu muda si mrefu uliopita. Nilimsimulia yote, mvua ikipiga bati upande wake na upande wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Jumamosi nashuka,” akasema. “Nikifika niseme mimi ni nani?”

“Usiseme. Sema una njaa.”

“Nitaweza?”

“Sijui, mdogo wangu. Mimi leo nimeweza, na bado sijui.”

Tukaagana. Nimemsikia mama ameamka sasa hivi. Ananyanyua pazia, anatazama mvua. Nitaingia kwa mlango wa nyuma nimwachie chai mezani. Kesho asubuhi, kabla yule wa sokoni hajapita, nitavaa viatu vya kutokea, nitazunguka nyumba hadi mbele, na nitabisha hodi kwangu mwenyewe.